Kivuli cha Lwanda Magere: Hadithi za Picha katika Rafu ya Maktaba

Yeyote aingiaye katika maktaba ya umma mjini Kakamega, katika eneo la Lurambi, wakati wa likizo za shule, hatakosa kuona jambo ambalo sisi tunaofundisha fasihi tumelipuuza kwa muda mrefu. Rafu ya fasihi ya Kiswahili imetulia. Vitabu vyake vimesimama wima, migongo yake mizima, na aghalabu wanaoisogelea ni wale waliotumwa na mwalimu kutafuta kitabu cha mtihani. Hatua chache kando, penye vitabu vya uchoraji, vijana wameketi sakafuni kwa sababu viti vimejaa. Hapo pana hadithi za picha zilizochakaa kwa kushikwa, na karibu nazo pana miongozo ya kuchora: namna ya kuchora uso, mkono, farasi, mti na nyumba. Mvulana mmoja niliyemwona alikuwa amevifungua vitabu viwili kwa pamoja magotini, hadithi upande mmoja na mwongozo upande wa pili. Alikuwa akiitazama mikono ya shujaa katika hadithi, kisha akitafuta katika mwongozo imechorwaje. Kwa muda wa saa nzima hakuinua kichwa. Sikumbuki ni lini nilimwona mwanafunzi wangu akisoma diwani huku kitabu cha sheria za utunzi kimefunguliwa kando yake.

Ujirani wa vitabu hivyo haukutokea kwa bahati. Ni kazi ya Melvil Dewey, Mmarekani aliyetoa mpango wake wa kuainisha vitabu mwaka 1876, mpango ambao maktaba zetu za umma zaufuata hadi leo. Kwa mujibu wa mpango huo hadithi za picha hupewa namba 741.5, yaani zimo katika mlango wa uchoraji, zikipakana na miongozo ya kuchora iliyo katika 741.2 na 743. Habari za maisha ya watu ziko mbali, katika 920, nayo fasihi ya Kiswahili huwekwa katika 896.392. Msomaji anayetaka kutoka kwa shujaa aliyechorwa hadi kwa shujaa aliyesimuliwa kwa maneno hana budi kuvuka chumba kizima.

Namba hizo zisidharauliwe. Kila namba ya maktaba ni hukumu ya kihakiki, na mara nyingi imetolewa na mtu ambaye hakukiona kitabu chenyewe. Aliyeiweka hadithi ya picha katika 741.5 amekwisha kusema kwamba kilicho muhimu ndani yake ni mchoro, na kwamba maneno, visa, wahusika na dhamira ni nyongeza. Nasi katika idara zetu tumeipokea hukumu hiyo bila kukata rufani. Tumeigawa fasihi yetu katika simulizi na andishi, tukabishana miaka mingi juu ya mpaka uliopo baina ya sehemu hizo, lakini hadithi ya picha, ambayo ina mguu mmoja huku na mwingine kule, hatukuiita barazani. Ni wachache waliolishughulikia jambo hili kwa dhati. Miongoni mwao ni Rose Marie Beck, aliyeuliza mwaka 1999 kama tulicho nacho ni katuni iliyotiwa Kiswahili au ni katuni ya Kiswahili hasa. Swali hilo lingali wazi, na makala haya yanajaribu kulijibu kwa njia moja tu: kwa kuonyesha kwamba hadithi ya picha inapoandikwa kwa Kiswahili, sarufi ya Kiswahili hufanya ndani yake kazi isiyofanywa na lugha nyingine, na kwamba kwa sababu hiyo haiwezi kuhakikiwa na mchoraji peke yake wala na mwanafasihi peke yake.

Kwanza neno lenyewe. Magazeti husema katuni. Tanzania wengi husema vibonzo. Wengine hutumia kikaragosi, neno ambalo asili yake ni Karagöz, mchezo wa vivuli wa Waturuki. Lakini neno lililo zuri kuliko yote lilibuniwa Nairobi katika miaka ya 1980, nalo ni Pichadithi, jina la mfululizo wa vitabu vya Terry Hirst. Ni picha na hadithi zilizounganishwa hata silabi moja ikaimeza nyingine. Jambo la kuchekesha, au la kusikitisha, ni kwamba vile vitabu vya Pichadithi vilivyonifikia mkononi vina jina la Kiswahili juu ya jalada na Kiingereza ndani. Neno liliundwa kwa ustadi, kisha likaachwa mlangoni. Katika makala haya nitasema hadithi za picha, kwa sababu msomaji wa Lurambi hulielewa bila kufafanuliwa.

Historia yake sitaieleza kwa urefu. Msomaji atakumbuka Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyeishi katika kurasa za Taifa Leo kwa miongo mingi. Jina la Juha Kalulu pekee lastahili makala: juha wa masimulizi ya Kiarabu ameunganishwa na kalulu, yaani sungura, wa masimulizi ya Kibantu, mjinga na mjanja wakawa mtu mmoja. Mwaka 1973 Hirst na Hilary Ng'weno walianzisha gazeti la Joe. Mwaka 1996 Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyehamia Nairobi, alitoa Abunuwasi kwa Kiswahili, kitabu kizima, si kipande cha gazeti. Mwaka 2010 likaanza Shujaaz, kwa Sheng, likigawiwa bure. Vitu vya gazeti na vya bure vina msiba wao: haviingii maktabani. Husomwa na wengi, hufungiwa maandazi, vikapotea. Kwa hiyo rafu ya Lurambi haiwezi kumwonyesha kijana historia ya sanaa anayoipenda, bali vipande vyake vichache tu vilivyobahatika kupata jalada gumu au mkono wa mtu mwenye kutunza.

Miongoni mwa vitabu vya Pichadithi kimo kile cha Lwanda Magere, na hapa nataka kukaa kidogo. Kisa chenyewe chajulikana sana katika nchi ya Waluo, kusini tu ya Kakamega. Lwanda Magere alikuwa shujaa ambaye mwili wake haukupenywa na mkuki. Adui wakampa mke kutoka kwao. Siku moja alipougua akamwomba mke huyo amchanje chale atiwe dawa, na wembe ulipokataa kuingia mwilini akamwambia akichanje kivuli. Damu ikatoka. Mke akatoroka kwenda kuwaambia jamaa zake, na katika vita vilivyofuata mkuki ukapigwa kivulini. Shujaa akaanguka, akawa jiwe.

Msimulizi wa mdomo, anapoanza kisa hiki, hana haja ya kutaja kivuli hata mara moja. Anaweza kuieleza vita ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kivuli kisiwepo masikioni mwa wasikilizaji mpaka usiku ule wa chale. Siri inakuwa siri kwa sababu neno halijatamkwa. Mchoraji hana uhuru huo. Akimchora mtu amesimama juani lazima aamue: aweke kivuli au asiweke. Akikiweka tangu picha ya kwanza, siri iko wazi mbele ya macho ya msomaji ukurasa baada ya ukurasa, naye haioni, kwa kuwa kila mtu ana kivuli. Asipokiweka, kisha kikatokea ghafula usiku wa chale, amedanganya. Njia ya kwanza ndiyo yenye nguvu, tena ina jambo ambalo simulizi ya mdomo haiwezi kulifanya: msomaji akimaliza hurudi nyuma na kuvitazama upya vivuli vyote alivyovipuuza. Nimewaona vijana wakirudisha kurasa nyuma hivyo. Hadithi simulizi haina kurasa za kurudisha; husimuliwa upya tangu mwanzo.

Ndiyo kusema kwamba fani ya kivuli, ambayo katika mwongozo wa kuchora ni somo la sura moja kavu, katika hadithi hii ni dhamira yenyewe. Hapo 741.2 na 896.392 hazitengani tena.

Lakini mwongozo wenyewe unamfundisha kijana nini? Miongozo niliyoipekua iliandikwa kwa Kiingereza, na waandishi wake waliishi mahali jua linapopita chini ya anga. Vivuli vyake ni virefu, vimelala upande, kama vya watu wanaorudi nyumbani jioni. Mjini London mwezi wa Desemba kivuli cha mtu, hata saa ya adhuhuri, huzidi mara tatu ya kimo chake. Kakamega iko kilomita 30 hivi kaskazini ya ikweta, ambayo yapita Maseno. Mwaka mzima kivuli cha adhuhuri hapa hakifiki nusu ya kimo cha mwenyewe, na katika miezi ya Machi na Septemba hujikunja chini ya nyayo kama mbwa. Kijana anayefuata mwongozo kwa uaminifu humchora mama wa sokoni mwenye kivuli cha Desemba ya Ulaya. Mchoro ni safi, lakini si Kakamega. Na kwa kisa cha Lwanda Magere kosa hilo si dogo, maana shujaa ambaye uhai wake umo kivulini ni salama zaidi saa sita ya mchana kuliko alfajiri au magharibi. Mchoraji anayelijua jua la kwao anaweza kuipanga vita nzima kwa saa. Mwenye kulijua jua la mwongozo hana habari kwamba kuna cha kupangwa.

Hali ni hiyo hiyo katika sura za nyuso, nywele, na kanga ambayo mikunjo yake haifanani na mikunjo ya koti. Sitazidi kulisema hilo.

Sasa tuje kwenye lugha. Chukua picha ambamo mtoto anakimbia, macho yamemtoka, na kiputo cha maneno kinasema neno moja: «Linakuja!» Nyuma yake hakuna kitu ila kichaka. Msomaji wa Kiswahili amekwisha kupata habari ambayo msomaji wa Kiingereza hawezi kuipata katika sentensi ya ukubwa huo. Kiambishi li- kimemwambia kwamba ajaye si mtu wa kawaida wala mnyama wa kawaida, kwa sababu hao wangechukua a-. Ni kitu cha ngeli ya li-ya, au ni kiumbe aliyekuzwa kwa kutishwa: zimwi, joka, jitu. Kiambishi kimekuwa kidole kinachoelekea kwenye kichaka. Kiputo kikisema «Kinakuja!» hofu hupungua, na pengine kicheko huanza. Upatanisho wa kisarufi, ambao katika nathari huliunganisha neno na neno, hapa huliunganisha neno na picha, tena picha ambayo bado haijachorwa. Kwa kijana wa Lurambi aliyekulia katika Olutsotso au lahaja nyingine ya Kiluhya jambo hili halihitaji maelezo, kwa sababu zimwi la bibi yake, linani, wingi wake amanani, nalo huanza na li-. Lugha ya nyumbani na lugha ya kitabu zimemtisha kwa kiambishi kimoja.

Pili ni tanakali. Katika nathari tanakali ni mkia wa kitenzi: alianguka pu, alitumbukia chubwi, fimbo ilikatika kacha. Katika hadithi ya picha kitenzi kimekwisha kuchorwa, kwa hiyo hakiandikwi. Pu hubaki peke yake, kubwa, ikigusa ukingo wa kisanduku. Hayo hutokea katika kila lugha. Lakini Kiswahili kina aina nyingine ya tanakali ambazo si sauti kabisa. Watu wakinyamaza ji, ji si sauti. Ni kutokuwapo kwa sauti. Giza totoro, nyeupe pe, kushika ndi: hizi ni hali, si milio. Mchoraji wa Kiswahili anaweza kujaza kisanduku kizima kwa wino mweusi, akaandika ndani yake totoro, na akawa ameonyesha giza na kulitamka kwa wakati mmoja. Anaweza kuchora baraza la wazee lililoshtuka na kuandika ji juu ya vichwa vyao. Nasikitika kusema kwamba katika vitabu nilivyosoma nafasi hiyo karibu haijatumiwa. Wachoraji wetu wengi wameazima milio ya bunduki na ngumi kutoka katuni za Kimarekani, wakaiacha ji katika vitabu vya sarufi, ambako wanafunzi huikariri kwa ajili ya mtihani bila kujua ni ya nini.

Upo upungufu mwingine, na mhakiki asiufiche kwa sababu anaipenda sanaa hii. Kisanduku cha maelezo juu ya picha mara nyingi husema kile kile kinachoonekana. Picha yamwonyesha mzee ameketi chini ya mwembe; maelezo yasema mzee aliketi chini ya mwembe. Huo ni woga wa mwandishi asiyemwamini mchoraji, hata pale ambapo wote wawili ni mtu mmoja. Vilevile maneno yetu ni marefu. Hawajamwambia ni neno moja, nalo hujaza kiputo kizima. Mwenye kutafsiri kutoka Kiingereza akavifuata viputo vya awali hulazimika ama kupunguza herufi hata zisomwe kwa shida, ama kupunguza maana. Hadithi iliyotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo haina dhiki hiyo, kwa sababu mtunzi huchora kiputo kwa kipimo cha neno lake.

Kuhusu Sheng ya Shujaaz najua wenzangu wengi wamekunja uso. Gazeti hilo lilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012 kwa kazi yake ya kidijitali, na tuzo haithibitishi lugha. Hata hivyo maneno ya kiputo ni maneno ya mhusika, hayakutamkwa na mwandishi; na kijana wa Nairobi aliyechorwa akiendesha kituo chake cha redio, akisema Kiswahili sanifu cha kamusi, angekuwa uongo mkubwa kuliko kivuli cha Desemba. Swali la haki ni kama Sheng ile, iliyo ya Nairobi, ni ya msomaji wa Lurambi. Niliowauliza walisema wanaielewa, lakini mmoja aliongeza kwamba huisoma kama mtu anayemsikiliza binamu aliyerudi kutoka mjini.

Limebaki lile la rafu ya tatu, habari za maisha. Kiswahili si maskini katika uwanja huu. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alieleza maisha yake kwa maneno yake mwenyewe kabla karne ya 20 haijatulia. James Mbotela alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, historia ya watu wake iliyo karibu na kumbukumbu ya nyumbani. Shaaban Robert alituachia Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Lakini sijaona maktabani kitabu cha Kiswahili ambamo mtu ameyachora maisha yake mwenyewe, kama Marjane Satrapi alivyouchora utoto wake wa Iran kuanzia mwaka 2000, au kama Art Spiegelman alivyoichora habari ya baba yake akapewa tuzo ya Pulitzer mwaka 1992. Tofauti si ya mapambo. Shaaban Robert anapoandika ni-, msomaji yumo ndani ya macho yake na hamwoni. Mwenye kujichora hulazimika kujitoa nje: kisanduku cha juu kinasema ni-, na picha ya chini yaonyesha a-, mtoto fulani mwembamba mwenye sare iliyopasuka, ambaye ndiye na siye. Nafsi ya kwanza na ya tatu zimo katika fremu moja. Waandishi wetu wa tawasifu, waliolelewa katika adabu ya kutojitaja sana, wangeona njia hiyo inawafaa kuliko wanavyodhani, maana humwezesha mtu kujicheka bila kujisifu.

Kizuizi ni mwongozo. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, aliwapa washairi kitabu cha kushika mkononi, kwa Kiswahili, chenye mizani na vina vilivyoelezwa waziwazi. Wapo waliozifuata sheria hizo na wapo waliozipinga miaka mingi baadaye, na hata ubishi huo wa mashairi huru ulihitaji kitabu cha kubishana nacho. Kwa uchoraji wa hadithi, mwongozo wa Kiswahili wa namna hiyo sijaukuta katika rafu ile: mwongozo wenye jua la ikweta, wenye mikunjo ya kanga, wenye sura moja ya tanakali na nyingine ya viambishi vya ngeli. Mchoraji hawezi kuuandika peke yake, kwa sababu sura hizo mbili za mwisho ni zetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezitaja maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, na Kakamega pana Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Wanaoweza kukaa meza moja wanaishi mji mmoja.

Kabla ya kuondoka nilimwuliza msimamizi wa zamu, mama wa makamo aliyekuwa akibandika karatasi katika mgongo wa kitabu kilichokatika, ataweka wapi kitabu cha kijana wa hapa aliyeyachora maisha yake kwa Kiswahili: 741.5, 920, au 896.392. Akafikiri kidogo huku amekishika kitabu chake kikauke.

«Mwalimu,» akasema, «hicho kwanza kitakaa hapa mezani kwangu. Nikikimaliza ndipo tutazungumza habari za namba.»